Mji Uliokula Nje: Mlo wa Mtu wa Kawaida Kaifeng na Hangzhou

Jioni ilipoanza kuingia, nguruwe walimiminika kupitia Lango la Nanxun, kusini mwa jiji la Kaifeng. Nguruwe wote wa kuchinjiwa raia walilazimika kuingilia hapo. Walikuja makundi kwa makundi, kila kundi likihesabiwa kwa maelfu, na waliowaswaga walikuwa watu kumi na kitu tu. Hata hivyo hakuna nguruwe aliyechepuka njiani. Kulipokucha, nyama ilikuwa imetandazwa juu ya meza za wauzaji, vichochoroni na kwenye masoko ya madarajani. Watu watatu hadi watano walisimama na visu kwenye kila meza, wakimkatia mteja kadiri alivyotaka: vipande vinene, vyembamba, au nyama iliyokatwakatwa mpaka ikalainika.

Haya tunayajua kwa sababu mtu mmoja aliyakumbuka. Meng Yuanlao alifika Kaifeng akiwa kijana mwaka 1103, enzi ya utawala wa Song, wakati jiji hilo lilikuwa makao makuu ya Uchina na lilikaribia kuwa na watu milioni moja. Aliishi humo hadi mwaka 1127, jeshi la Wajurchen kutoka kaskazini lilipoliteka, likamchukua mfalme na baba yake mateka, na wakazi wakatawanyika. Meng alikimbilia kusini. Uzeeni, mwaka 1147, alimaliza kitabu cha kumbukumbu za mji alioupoteza. Ndani yake mna sherehe za ikulu, mahekalu na michezo ya jukwaani, lakini kinachojaza kurasa ni chakula: kiliuzwa wapi, saa ngapi, kwa bei gani, na nani alikibeba. Mimi nakihesabu miongoni mwa vitabu vya thamani kubwa kabisa kuhusu maisha ya mjini, kwa kuwa wababe wa vita na wafalme wamepata waandishi wengi, ilhali muuza supu amepata wachache.

Kuna sentensi moja ya Meng inayofungua mlango wa habari yote hii. Anaeleza kwamba familia za wachuuzi na watu wa biashara ndogondogo mara nyingi zilinunua chakula kilichopikwa tayari madukani, na hazikuweka hata mboga nyumbani. Yaani karne tisa zilizopita kulikuwa na tabaka zima la watu wa mjini ambao jiko lao lilikuwa mtaa. Mume anauza, mke anauza, chumba ni kidogo, na nishati ya kupikia inanunuliwa. Zhuang Chuo, mwandishi mwingine wa zama zile, anasema nyumba zote za Kaifeng zilitegemea makaa ya mawe, wala hakuna iliyowasha kuni. Huenda alitia chumvi kidogo, lakini maana yake ni wazi: misitu ya karibu ilikuwa imekwisha, na moto ulikuwa na bei kama mchele. Anayepikia watu mia kwa jiko moja ana faida kuliko watu mia wenye majiko mia.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Katika Chang'an, makao makuu ya enzi ya Tang iliyotangulia, mitaa ilizungushiwa kuta na malango yake yalifungwa usiku ngoma ikipigwa. Biashara ilipangiwa masoko mawili makubwa, la mashariki na la magharibi, yaliyofunguliwa adhuhuri na kufungwa kabla jua halijazama. Mtu aliyeshikwa na njaa usiku alivumilia hadi kesho. Utaratibu huo ulilegea polepole, na mwaka 965 mfalme wa kwanza wa Song aliagiza kwamba masoko ya usiku ya Kaifeng yasizuiwe hadi kwenye saa sita za usiku. Amri fupi, lakini matokeo yake yalionekana tumboni. Kufikia siku za Meng, soko la usiku lilikuwa halijafungwa vizuri, na la alfajiri linafunguliwa. Kuna mtaa ambao anasema kelele zake hazikukoma usiku kucha.

Siku yenyewe ilianza giza likingalipo. Watawa walipita vichochoroni wakigonga vibao vya chuma au vya mbao kutangaza kwamba kunakucha. Malango yakafunguliwa, madaraja yakajaa watu. Waliowahi kazini waliweza kununua hata maji ya kunawia uso, pamoja na chai na vinywaji vya mizizi ya dawa. Nyumba za pombe ziliwasha taa mapema, zikauza uji, wali na vitafunwa kwa sarafu zisizozidi 20 kwa mtu. Wengine walikula matumbo, mapafu na ini zilizopikwa usiku. Unga ulibebwa mjini kwa mikokoteni na kwa migongo ya punda waliongoja nje ya malango mpaka yafunguliwe.

Sarafu hizo zilikuwa za shaba, duara, zenye tundu la mraba katikati ili zitungwe kwenye kamba. Utawala wa Song ulizifua kwa wingi mno, zikavuka bahari licha ya marufuku ya kuzitoa nchini. Fuko la sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi hiyo, lilifukuliwa katika miaka ya 1940 pale Kajengwa, Makunduchi, kusini mwa Unguja. Fedha ya aina ileile iliyonunua bakuli la uji Kaifeng ilifika pwani yetu kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Usiku, karibu na daraja la Zhou katikati ya jiji, mambo yalipamba moto. Meng anayataja mapishi mfululizo, kana kwamba anatembea na kunusa: bata bukini, bata, kuku, sungura, matumbo, mapafu, mkunga, mikate ya mvuke iliyojazwa nyama, ngozi ya kuku, figo, vipande vya utumbo. Kila kimoja hakikuzidi sarafu 15. Wakati wa joto kulikuwa na vitu vya baridi, kama choroko za sukari na vidonge vya unga vilivyowekwa katika barafu. Barafu hiyo ilikatwa majira ya baridi na kuhifadhiwa chini ya ardhi. Upepo wa baridi ulipovuma na theluji kuanguka, soko la usiku halikufungwa. Lilibadilisha tu orodha ya vyakula.

Katika mahoteli makubwa, sahani zilikuwa moja tu ya mambo yaliyomvutia Meng. Lingine lilikuwa wahudumu. Mteja akiketi, mhudumu alimjia na vijiti vya kulia na karatasi, akamuuliza kila mmoja anataka nini. Wakazi wa Kaifeng walikuwa wadekaji. Huyu anataka cha moto, yule cha vuguvugu, wa tatu cha baridi kabisa, mwingine nyama yenye mafuta, mwenzake isiyo na mafuta. Meza moja, maagizo kumi tofauti. Mhudumu hakuandika. Alikwenda karibu na jiko, akasimama, akayaimba maagizo yote kwa mpangilio, na wapishi wakayashika kichwani. Baada ya muda mfupi alitokea mbeba chakula: mabakuli matatu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia mengine yapatayo 20, yamepangwa kuanzia kiganja hadi begani. Aliyagawa bila kumkosea mtu. Akikosea, mteja alimshtakia mwenye hoteli, naye mfanyakazi alitukanwa, akakatwa ujira, au akafukuzwa.

Hapo ndipo nauona mji halisi. Ule mkono wenye mabakuli 20 ulikuwa wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, na huenda jioni yeye mwenyewe alikula mabaki. Anasa ya mteja kudeka ilibebwa na bega lake.

Kaifeng ilikuwa na majumba ya pombe 72 yenye kibali cha kupika pombe kwa chachu iliyouzwa na serikali. Vilabu vidogo visivyohesabika vilinunua kutoka kwao. Mashuhuri kuliko yote lilikuwa Fanlou, majengo matano ya ghorofa tatu yaliyounganishwa kwa vivuko vya juu. Lakini hata mle ndani, maskini walipata pa kujichomeka. Wanawake wa mtaani wenye nywele zilizofungwa juu na kitambaa cha bluu kiunoni waliingia kuwabadilishia wateja supu na kuwamiminia pombe. Watoto na wazee waliuza matunda, figili na karanga za miti meza hadi meza. Wengine waliweka bidhaa mezani bila kuulizwa, kisha wakarudi kudai fedha.

Chakula chenyewe kilitoka mbali. Kaskazini, nchi ya Mto Manjano, ni eneo la ngano na mawele: tambi, mikate ya kuoka, mikate ya mvuke, uji. Mchele ulitoka kusini. Jiji la watu wengi kiasi kile halikuweza kulishwa na mashamba ya jirani, kwa hiyo kila mwaka serikali ilisafirisha nafaka ipatayo shi milioni 6 kwa mashua kupitia mfereji wa Bian, na shi moja ilizidi lita 60. Sehemu kubwa ilikwenda kwa askari na maofisa, ambao waliuza ziada yao sokoni. Kusini kwenyewe mavuno yaliongezeka. Mwaka 1012, ukame ulipozikumba nyanda za mito ya Yangzi na Huai, mfalme Zhenzong aliagiza mbegu za mpunga wa Champa, ufalme uliokuwa katika Vietnam ya leo, zichukuliwe Fujian na kugawiwa wakulima. Mpunga huo ulivumilia ukame na kukomaa haraka. Palipokuwa na maji ya kutosha, mkulima aliweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ninapowaza ni nini kilichowezesha soko la usiku la Kaifeng, mbegu hiyo huja akilini mwangu kabla ya amri yoyote ya mfalme.

Katika nyama kulikuwa na ngazi. Juu kabisa alikaa kondoo, kitoweo cha ikulu na cha wenye vyeo. Ng'ombe alilindwa na sheria kwa sababu alilima; kumchinja bila ruhusa lilikuwa kosa, ingawa walikuwepo waliofanya hivyo kwa siri. Nguruwe alikuwa wa watu wa chini. Mwandishi mkubwa wa zama hizo, Su Shi, aliijua ngazi hiyo kwa kuishuka. Mwaka 1080 alipelekwa uhamishoni Huangzhou, kando ya Yangzi, baada ya mashairi yake kuwaudhi wakubwa. Mshahara ulikatika na familia ilikuwa kubwa. Akamwandikia rafiki yake Qin Guan jinsi alivyoishi: kila mwanzo wa mwezi alitoa sarafu 4,500, akazigawa mafungu 30 na kuyatundika darini. Kila asubuhi alishusha fungu moja kwa fimbo, kisha akaificha fimbo. Sarafu 150 kwa siku, kwa nyumba nzima. Kilichobaki jioni kiliwekwa katika bomba la mwanzi kwa ajili ya kukirimu wageni.

Huangzhou alikuta nyama nzuri ya nguruwe ikiuzwa kama takataka. Matajiri waliidharau, maskini hawakujua kuipika vizuri. Yeye alijifunza kuiacha ijipike taratibu kwa maji machache na moto mdogo bila kuiharakisha, akaiandikia utenzi mfupi wa kuisifu. Wachina wanaipika hadi leo kwa jina lake. Baadaye, uhamisho mwingine ulipomfikisha Huizhou, mbali kusini, mji mzima ulichinja kondoo mmoja kwa siku. Hakuthubutu kushindana na maofisa, akawa anamwomba mchinjaji mifupa ya uti wa mgongo. Aliichemsha, akaitia pombe na chumvi, akaibabua kidogo, kisha akakaa akichokoa vinyama katikati ya pingili. Alimwandikia ndugu yake kwamba ni kitamu kama kaa, ila mbwa wa nyumbani hawakufurahi. Nimesoma habari nyingi za karamu za wafalme wa Uchina, na hakuna iliyonigusa kama hii ya mtu mwenye elimu yote ile anayemthamini muuza nyama kwa mifupa.

Na wale waliokuwa chini zaidi ya Su Shi? Mwanzoni mwa karne ya 12, serikali ya Song iliendesha nyumba za kuwatunza wazee, wajane na wasio na jamaa. Posho ya mtu mzima ilikuwa sheng moja ya nafaka kwa siku, ambayo ni kama theluthi mbili za lita, pamoja na sarafu 10. Miezi ya baridi iliongezwa sarafu 5 za makaa. Mtoto alipata nusu. Linganisha sarafu hizo 10 na sarafu 15 za kile kipande cha mkunga kwenye daraja la Zhou, utajua ni nani alipita sokoni akinusa tu. Kwa watu hawa mlo ulikuwa uji na kitu cha chumvi pembeni: majani ya haradali yaliyochachushwa, figili, tofu, na kidole cha samaki mkavu siku ikiwa njema. Na hata chumvi haikuwa rahisi, kwa maana serikali iliihodhi na kupata kutoka kwayo sehemu kubwa ya mapato yake.

Msomaji akijaribu kuiona meza hiyo, atoe mahindi, viazi, nyanya, karanga na pilipili kali. Hakuna hata kimoja. Mazao hayo ni ya Amerika na yalifika Uchina kuanzia karne ya 16, kama yalivyofika pwani ya Afrika Mashariki katika zama hizohizo za merikebu za Wareno. Sichuan, inayosifika leo kwa pilipili, ilipata ukali wake kutoka kwenye tangawizi, haradali na vitunda vya huajiao vinavyotia ganzi ulimi.

Pilipili manga ilikuwepo, ila ilivuka bahari na ilikuwa bidhaa ya fedha. Ilishuka katika bandari za kusini kama Quanzhou, ambako waliishi Waarabu na Waajemi wenye misikiti yao. Hapo Quanzhou alifanya kazi Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya bahari, ambaye mwaka 1225 alikusanya habari za nchi za ng'ambo. Mojawapo ni Cengba, ambayo wanahistoria wengi wanaitambua kuwa Unguja au pwani ya Zanji, yaani Afrika Mashariki, kwa jumla. Anasema watu wake ni Waislamu, wanajifunga nguo za buluu, wanavaa viatu vya ngozi nyekundu, na chakula chao cha kila siku ni unga, mikate ya kuoka na nyama ya kondoo. Inanifurahisha kwamba ofisa wa forodha wa Kichina, akisikiliza masimulizi ya mabaharia, aliona umuhimu wa kuandika babu zetu walikula nini.

Wakati Zhao anaandika, Kaifeng ilikuwa mikononi mwa adui kwa karibu miaka mia. Makao ya Song yalikuwa Hangzhou, jiji la maji. Zhou Bida, aliyepata kuwa waziri mkuu, aliwahi kueleza jinsi malango manne yalivyolilisha. Nje ya lango la mashariki hapakuwa na nyumba, ila bustani za mboga upeo wa macho. Magharibi yaliingia maji ya ziwa, yakagawiwa mitaani kwa vidau. Kusini zilishushwa kuni kutoka Yanzhou na Fuyang. Kaskazini ulifika mchele wa Suzhou na Huzhou.

Wu Zimu, aliyeandika kuhusu Hangzhou kuelekea mwisho wa utawala wa Song, anakadiria kwamba ukiacha majumba ya wakubwa na wote waliopewa nafaka na serikali, watu wadogo wa mjini walinunua madukani shi 1,000 hadi 2,000 za mchele kila siku. Mchele haukuwa wa aina moja: wa mavuno ya mapema na ya mwisho, mpya na wa zamani, mweupe, wa manjano, mwekundu. Kila mfuko ulikuwa na wake. Mashua zilitia nanga usiku na mchana, na wachukuzi walikuwa na viongozi wao, hivyo mizigo ilishushwa bila ugomvi. Samaki wakavu na wa chumvi kutoka Wenzhou, Taizhou na Mingzhou, ambayo leo ni Ningbo, waliuzwa katika maduka yapatayo mia moja hadi mia mbili. Wu anataja pia vitu saba ambavyo hakuna nyumba, hata iwe fukara vipi, iliyoweza kuvikosa: kuni, mchele, mafuta, chumvi, mchuzi wa soya, siki na chai. Wachina wangali wakivihesabu kwa mpangilio huohuo.

Vilevile hakuona haya kuandika mwisho wa chakula. Nyumba nyingi za watu wa chini hazikuwa na choo, zilitumia ndoo. Kila siku walipita wazoaji wa vinyesi, kila mmoja na wateja wake, na aliyeingilia wateja wa mwenzake aliweza kushtakiwa. Mzigo ule ulikuwa mali, kwa sababu bustani zilihitaji samadi. Kwa hiyo sehemu ya kile mji ulichokula ilirudi kuliwa tena kama kabichi.

Wakimbizi wa kaskazini walipofurika Hangzhou, walitaka tambi na mikate yao. Zhuang Chuo aliona bei ya ngano ikipaa, na wakulima wa kusini wakaanza kuipanda kwa bidii. Wakimbizi wengi waliishi kwa mapishi ya nyumbani kwao. Mmoja wao alikuwa mama aliyejulikana kama Song Wusao, aliyeuza supu ya samaki kwenye Ziwa la Magharibi. Mwaka 1179 mfalme mstaafu Gaozong, mzaliwa wa Kaifeng, aliyekuwa akitembezwa ziwani kwa mashua, alimwita. Mama akajitambulisha kuwa mtu wa makao makuu ya zamani aliyeufuata msafara wa kifalme. Mzee alikunywa ile supu, akamhurumia kwa umri wake, akamtunza fedha na hariri. Kuanzia siku hiyo watu waligombea supu yake, naye akatajirika.

Migahawa ya kusini na ya Sichuan ilikuwa imefunguliwa Kaifeng zamani kwa ajili ya wageni walioshindwa na chakula cha kaskazini. Hangzhou mambo yaligeuka, wa kaskazini wakawa ndio wageni wanaotafuta ladha ya kwao. Lakini Wu Zimu, akiandika zaidi ya karne moja baada ya kuhama kule, anasema watu wamekwisha kuzoea maji na ardhi, na vyakula vimechanganyika kiasi kwamba tofauti ya kaskazini na kusini haipo tena.